Riwaya ya mchoro ulioporwa: mgongo wa turubai safi, mahakamani hovyo

Riwaya hii ya kusisimua inapatikana kwenye meza za vitabu vya mtumba Mtwara mjini. Familia ya Paris, mchoro ulioporwa na Wanazi, wosia uliofichwa ndani ya fremu. Kurasa mia nne na ushee, na mia ya kwanza inateleza.

Utamu uko pale mjukuu anapougeuza mchoro. Hahangaiki na sahihi. Anakagua mgongo: mbao, misumari, lebo za wauzaji, namba za wino. Hapo mwandishi kafanya kazi yake. ERR, kikosi cha Wanazi kilichopora mali za Wayahudi Ufaransa, kiliandika kweli alama za herufi na namba. R ilikuwa ya Rothschild, ukoo wa Kiyahudi wa mabenki.

Kinachoharibu ni maabara. Mtaalamu anakuta nyeupe ya titani kwenye mchoro wa 1885, kisha anautangaza halisi! Rangi hiyo iliwafikia wachoraji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Labda ni kiraka cha ukarabati, ila kitabu hakisemi.

Na kesi inaisha kwa wiki mbili. Kanuni za Washington za 1998 kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi, zilizokubaliwa na nchi 44, hazina nguvu ya sheria. Warithi husota miaka wakisaka risiti, orodha za bima, hata picha za sebuleni. Hata kwetu urejeshaji huchukua miaka: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa makumbusho ya Dar es Salaam 1984 kilirudi kutoka Uswisi 2010.

Kabla ya kulipa, kunja kitabu taratibu ukague uti. Gundi ikikauka, kurasa za katikati huachia, na wosia unasomwa humo humo.