Canon FD 28mm ya zamani: nimeijaribu ziwani, Mwanza

Habari zenu wadau, karibuni. Niko jirani na kivuko cha Kamanga, lile pale majini ni Jiwe la Bismarck, na mkononi nina lenzi ya Canon FD 28mm f/2.8. FD ni aina ya lenzi za Canon za enzi za kamera za filamu, na hili ni toleo lake jipya, lile lililoanza kutoka mwaka 1979. Gramu 170 tu. Nimeinunua shilingi 120,000, adapta yake, yaani pete ya kuiunganisha na kamera ya kisasa, 35,000.

Kabla ya picha, tuitazame ndani. Nafungua lote tundu la kupitishia mwanga, namulika tochi ya simu kwa nyuma. Mnaona? Vumbi dogodogo, na vumbi halina madhara. Ninachokitafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ndiyo fangasi. Huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi, na lenzi iliyosahauliwa kabatini masika nzima huwa inaota. Lenzi yangu ya kwanza ya zamani niliagiza mtandaoni, nikaambiwa safi kabisa. Ilipofika, kioo cha ndani kilikuwa na utando pembeni. Ukielekeza kwenye jua, picha nzima inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Iliniuma sana, pesa ile niliitafuta kwa shida. Kwa hiyo muuzaji akikataa kukutumia picha ya tochi, achana naye. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele usikutishe. Fangasi ndiyo ikutishe.

Halafu angalieni hivi visu vya tundu: vikavu, havina mafuta. Safi.

Sasa kazi yenyewe. Nimeazima Sony a7, yenye sensa kubwa, kwa sababu kwenye a6000 yangu, yenye sensa ndogo, hii 28mm inaona kama 42mm. Upana wote umepotea! Kama unanunua kwa ajili ya upana na una sensa ndogo, jua hilo mapema. Na wenye Canon EOS zile zenye kioo cha kudunda ndani: adapta ya kawaida haitawafikisha kwenye fokasi ya mbali. Jambo jingine, adapta nyingi za FD zina pete ya kufunga na kufungua. Ukiiacha upande wa kufungua, hata ukizungusha lenzi hadi f/16, yaani tundu dogo, tundu linabaki wazi vilevile.

Hii hapa ni f/2.8, tundu likiwa wazi kabisa. Katikati, kamba za wavu kwenye ule mtumbwi zinasomeka moja moja. Nendeni pembeni: mawe yamelainika, na kona zina giza kidogo. Ukingo mweupe wa mtumbwi una mstari wa zambarau. Sasa f/8, tundu nimelibana. Kona zimefufuka, giza limeondoka. Kwa mandhari mimi sishuki chini ya f/5.6.

Mstari wa maji nimeuweka juu kabisa ya fremu makusudi, maana hapo ndipo lenzi pana huumbuka. Umepinda kidogo katikati, kwa kupandia juu. Programu ya kuhariri inaunyoosha mara moja. Jua likizama mbele yako utapata vidoa vya mwanga vilivyojipanga mstari. Mimi navipenda, ila mteja wa harusi anaweza asivipende.

Ilipoiteka roho yangu ni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Pale watu hawasimami, na lenzi hii haijifokasi yenyewe. Nikaweka f/8, fokasi mita 3 na nusu, nikaiacha hapohapo. Kwenye a7, kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi mwisho wa macho kinakuwa sawa. Huyu mama, aliyeniruhusu nimpige, alikuwa anamimina dagaa wakavu kwenye gunia, sikugusa pete yoyote. Subirini niwavutie karibu. Dagaa hawajafika guniani bado, wako hewani, na macho yao yanaonekana.