"Dada, hicho ni kitabu tu": uzoefu wangu katika kundi la wapenda vitabu

Haya maoni niliyaanza siku nyingi kidogo. Niliweka nyota nne, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nikafungua simu, nikakuta jibu la admini, na nyota tatu zikaanguka palepale kabla sijanawa uso. Iliyobaki nimeishikilia kwa ncha ya vidole, ikiteleza shauri yake.

Jibu lenyewe lilikuwa hili, sijaongeza wala sijapunguza: "Dada, hicho ni kitabu tu."

Kitabu tu! Angeniambia hivyo mtu anayetumia vitabu kusawazisha meza inayoyumba, ningemeza. Lakini huyu anasimamia kundi la mtandaoni la watu wanaojiita wapenda vitabu. Picha yake amejiziba uso kwa kitabu, macho tu ndiyo yanachungulia juu ya jalada. Sasa najiuliza kama hata hicho alikuwa anakisoma au alikuwa anajikinga jua.

Nirudi nyuma kidogo ili msinione mgomvi. Kundi lina mambo mengi: habari za vitabu vipya, kura ya kitabu cha mwezi, kusoma pamoja sura kwa sura, na yale mashindano ya mwaka ambapo kila mtu anatangaza atasoma vitabu vingapi. Hayo yote yanaenda vizuri tu. Mashindano ndiyo siyapendi, kwa sababu kila Desemba kuna mtu anajazia hesabu yake kwa hadithi za watoto za kurasa 24 na bado anapigiwa makofi. Lakini hilo si langu leo. Mimi humo nilifuata vitabu vya mzunguko.

Kitabu cha mzunguko ni hivi: mwenye kitabu anakitoa, wanaokitaka wanapanga foleni, namba 1 anasoma na kukituma kwa posta kwa namba 2, hivyo hivyo hadi kimrudie mwenyewe. Si wazo la kundi letu. Mwaka 2001 Ron Hornbaker alianzisha BookCrossing huko Marekani, na tangu hapo watu wanabandika namba kwenye vitabu vyao na kuviachia duniani. Wengine wanakiacha kitabu kwenye benchi bila kujua nani atakiokota, kisha wanasubiri aliyekiokota aandike mtandaoni kwamba kiko salama. Sisi tumeazima tu, wale hawahusiki na kisa hiki.

Nilitoa riwaya ya upelelezi. Jina naliweka kapuni, mtaona kwa nini. Ni kitabu cha zamani, karatasi zimeshageuka manjano, nacho ni cha gundi, si cha kushonwa. Ndani ya jalada nilibandika kijikaratasi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Penseli tu. Usikunje kona. Usikilaze kifudifudi." Hili la mwisho nililitolea hadi maelezo, kwamba kitabu cha gundi ukikilaza wazi kifudifudi mgongo unapasuka, na mgongo ukishapasuka karatasi zinaanza kutoka mojamoja. Maana kuandika pembeni kuliruhusiwa. Ndio utamu wa mzunguko, unasoma hadithi na unawasoma waliokutangulia.

Kikazunguka. Kikapotelea kwa namba 3 kwa muda, kikapatikana. Kikarudi baada ya miezi ambayo sitaki kuihesabu. Bahasha ilikuwa imechoka kama imetembea kwa miguu. Nikaifungua palepale mlangoni, na kurasa 117 hadi 122 zikanidondokea mguuni. Nikajisemea haya, gundi ni gundi, nikaziokota. Kilichonikalisha chini ni ukurasa wa 41.

Hapo ndipo daktari anapoingia kwa mara ya kwanza. Anavua kofia, anaomba radhi kwa kuchelewa. Jina lake limezungushiwa duara kwa biki ya bluu, tena mara mbili, kwa nguvu kiasi kwamba ukigeuza ukurasa unaweza kulipapasa duara upande wa pili kama kovu. Kutoka kwenye duara unatoka mshale hadi pambizoni. Na pambizoni pameandikwa: "Muuaji ni huyu. Namba 5."

Ukurasa wa 41! Kitabu kina kurasa zaidi ya mia mbili, na foleni ilikuwa na watu tisa. Yaani namba 6, 7, 8 na 9 wote wamepewa kitabu kilichokwishakatwa kichwa. Na kwa biki! Wino wa biki ni wa mafuta, ufutio hauufanyi kitu. Nilijaribu kwa upole, nikaishia kuchubua karatasi, sasa daktari ana upara.

Nikapiga picha, nikamwandikia admini faraghani. Nilianza kwa salamu, nikamaliza kwa ahsante. Sikudai fidia, sikudai mtu afukuzwe. Niliomba vitu viwili: kanuni ya penseli itangazwe upya, na namba 5 aambiwe. Basi. Jibu ndilo lile mlilolisoma juu, likifuatiwa na: "Kama roho inakuuma, vitabu vyako kaa navyo kabatini." Na kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Nadhani hata dakika mbili hazikupita, akaweka tangazo kwa kundi zima: tujiandae kusherehekea 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, "siku ambayo Shakespeare na Cervantes walifariki pamoja". Makopakopa kila upande.

Hawakufariki pamoja, jamani. Siku hiyo UNESCO iliitangaza mwaka 1995, sawa, na 1616 ndio mwaka wa wote wawili, sawa. Lakini Uhispania ya Cervantes ilikuwa imeshahamia kalenda mpya na Uingereza ya Shakespeare ilikuwa bado ya zamani, kwa hiyo tarehe moja zilikuwa siku mbili tofauti zilizopishana siku 10. Tena Cervantes inasemekana alifariki tarehe 22, na 23 ndiyo akazikwa. Mwaka jana nilimsahihisha, kwa adabu, chini ya tangazo kama hilohilo. Pengine chuki ilianzia pale. Pengine mimi ni msumbufu kweli. Lakini anayeona ni kitabu tu, 23 Aprili anasherehekea nini?

Sasa niseme jambo ambalo admini sikumwambia, kwa sababu wakati nalalamika nilikuwa sijavuka ukurasa wa 41, nilikuwa nimesimama hapohapo nikitetemeka.

Daktari si muuaji.

Mimi naijua riwaya hii, nimeisoma mara nne. Nani muuaji sisemi, nisije nikawa namba 5 mwingine. Lakini daktari hakuua mtu. Hasira zilivyonipanda niliona wino tu, sikuona kwamba wino unadanganya. Jioni, baada ya kukaa na kile kikatuni cha kucheka kifuani siku nzima, ndipo nilipoanza kufuata mapambizo.

Ukurasa wa 58, penseli, mwandiko mdogo wa namba 6: "Namba 5, Mungu anakuona."

Ukurasa wa 90 na kitu, namba 7: "Nilidhani ni utani. Daktari katoka bustanini usiku peke yake. Si utani."

Mbele kidogo, namba 8, herufi zimelala kama zinakimbia: "Mimi namtetea daktari. Mtu anayelisha paka wa jirani hawezi kuua."

Chini yake namba 9: "Namba 8, paka si ushahidi."

Nikaanza kucheka kabla sijataka kucheka. Kumbe wale wanne niliokuwa nawalilia hawakupewa kitabu kilichokatwa kichwa. Walipewa kingine kabisa, ambacho mimi na mara zangu nne sijawahi kukisoma: kila daktari akinyanyua kikombe wanatetemeka, kila akinawa mikono wanapiga mstari. Muuaji halisi anapita katikati yao anawasalimia, hakuna anayemtazama. Waliomtangulia namba 5, yaani namba 1 hadi 4, wameandika vitu vya kawaida, "sura nzuri", "hapa nimesinzia". Kitabu kimeamka kuanzia ukurasa wa 41.

Na ukurasa wa mwisho ni vurugu. Namba 6 kaandika kwa herufi kubwa "NAMBA 5!!!" hadi risasi ya penseli imevunjika, alama ya kuvunjika iko palepale. Namba 7: "Siku tatu nimemchukia daktari wa watu bure." Namba 8: "Nilisema." Namba 9: "Nakiri. Paka alikuwa ushahidi."

Usiku ule niliirudisha ile nyota nne. Niwe mkweli, niliweka tano. Niliwaza, hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kizuri namna hii kwa kitabu changu mwenyewe, halafu mimi nimekwenda kumshtaki. Nikaanza hata kumwandikia admini kwamba yameisha.

Kisha nikafunua ndani ya jalada la nyuma. Pale chini kabisa, biki ileile ya bluu: "Samahani mwenye kitabu. Penseli sikuwa nayo."

Penseli hakuwa nayo! Kijikaratasi kakisoma, kakielewa, na bado. Ukiwa huna penseli unaazima, unasubiri kesho, unaandika kwenye karatasi nyingine unaichomeka. Na zile kurasa sita zilizodondoka nina hakika ni zake pia, mtu wa namna hiyo analaza vitabu kifudifudi. Ushahidi sina. Kama paka.

Basi ule ujumbe kwa admini nikaufuta. Hajaniomba radhi hadi leo, na simtarajii. Kundi linaendelea, wiki hii wanapigia kura kitabu cha mwezi na kuna mtu kanitumia ujumbe faraghani akiuliza kama ile riwaya ya daktari itazunguka tena, maana amesikia habari za mapambizo. Sijamjibu. Kurasa nimezirudisha na gundi, nimekibana chini ya kamusi mbili kikauke, na kila nikipita hapo nafikiria nimpe.

Kwa hiyo anayeuliza kama ajiunge: wanachama nawapa tano, pamoja na namba 5, mhuni yule. Mizunguko nne, toa kitabu ambacho uko tayari kikurudie kikiwa kitu kingine. Kwa jumla wekeni tatu.

Hapana, mbili. Nimepanda juu kunakili maneno yake vizuri, nikayasoma tena. Kitabu tu!