Kaa wa kombe akifiwa na mwenzake: mwenza mpya au ufukweni?

Kaa wa kombe ni kaa wa nchi kavu anayeishi ndani ya kombe tupu, na wengine humfuga chomboni. Mmoja akifa, je, aliyebaki atafutiwe mwenza mpya au arudishwe ufukweni? Kwanza hakikisha mwenzake kweli amekufa. Kaa anayejivua gamba hujichimbia mchangani wiki kadhaa, naye si mfu. Aliyekufa hunuka kama samaki aliyeoza.

Mwenza mpya anafaa kama chombo ni kikubwa, mchanga una unyevu, kuna maji matamu na ya bahari, na makombe matupu ya ziada. Makombe yakikosekana watanyang'anyana nyumba, na anayejivua anaweza kuliwa.

Kwetu Tanga mimi nachagua ufukwe. Aliyeokotwa Mwambani arudishwe Mwambani, jioni, penye vichaka. Huko ana wenzake, na jike hufika baharini kuachia mayai, jambo gumu sana chomboni. Asiyejulikana alikotoka, au anayeonekana mgonjwa, asiachiwe, abaki nyumbani.