Bendi ya Jumamosi Raskazone: hapa Hotel California inapigwa mpaka mwisho

Kama uko Tanga Jumamosi usiku na unapenda muziki wa vyombo, nenda Raskazone, kwenye ule mgahawa wa makuti unaotazama bahari. Chakula nitakigusa baadaye. Kilichonifanya niandike ni bendi yao, na hasa wanavyoupiga wimbo wa Hotel California.

Mimi ni fundi wa spika na redio, kibanda changu kiko Ngamiani. Wimbo huu ndio ninaojaribia kazi. Situmii ule wa mwanzo wa 1976, natumia ule ambao Eagles, bendi ya Marekani yenye wimbo huu, waliurudia mwaka 1994 mbele ya watazamaji, magitaa makavu na tumba vikitangulia. Pale mwanzoni kuna dundo la ngoma kubwa, watu wameanza kushangilia. Dundo hilo likitoka zito na safi, besi imekaa. Likitoka na mkwaruzo, rudi mezani ufungue upya. Mafundi wengi tunaufanyia kazi hiyo hiyo, na wateja wanaujua. Wengine wanasema kabisa, "Fundi, niwekee ile ya hoteli nisikie."

Muziki wake ulitungwa na Don Felder, mpiga gitaa wa Eagles, kwenye nyumba aliyopanga ufukweni Malibu. Alishika gitaa la nyuzi 12, akarekodi kwenye kaseti mzunguko wa chodi nane, akawapelekea wenzake pamoja na vipande vingine. Wao wakaubandika jina la muda, rege ya Kimeksiko, kwa jinsi gitaa lilivyokuwa linakatakata. Don Henley na Glenn Frey wakaandika maneno: msafiri yuko jangwani usiku, anaona taa, anakaribishwa hotelini, anastarehe, halafu anakuta kutoka haiwezekani. Henley, mpiga ngoma wao, ndiye akaimba. Singo ilitoka Februari 1977, ikafika namba moja Marekani mwezi Mei, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya muziki ya Grammy ya rekodi ya mwaka.

Lakini utamu wa habari uko kwenye solo, pale magitaa yanapoachiwa uwanja bila mwimbaji. Ile sehemu ya mwisho, dakika mbili na ushei, wengi wanadhani wapigaji walijiachia tu studio. Sivyo. Felder mwenyewe anasimulia kwamba walipofika kurekodi Miami, yeye na Joe Walsh, mpiga gitaa mwenzake, walitaka kupiga vinavyowajia, Henley akawazuia: pigeni kama ilivyo kwenye kaseti. Na kaseti ilikuwa imebaki Malibu. Ikabidi apige simu nyumbani, mfanyakazi wa ndani akaitafuta, akaiweka kwenye redio na kusogeza simu karibu, ili Felder ajifunze upya alichokipiga yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila noti pale ina mahali pake, na gitaa moja haliwezi kuibeba kazi ya mawili.

Hapo ndipo bendi nyingi za hoteli zinaponiudhi. Mpiga solo anazunguka peke yake, kinanda kinafukia mashimo, kabla ya dakika moja wameshakata na kuhamia wimbo mwingine. Hawa wa Raskazone hawafanyi hivyo. Wa kwanza anauliza, wa pili anajibu, wanapokezana, kisha wanashuka pamoja, huyu juu na yule chini, bila kukanyagana. Nilikaa upande wa mpiga gitaa wa pili makusudi nimwone vidole. Hawana gitaa la nyuzi 12. Mwanzoni kijana alikuwa amefunga kapo, kile kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi, ya penseli kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye freti ya saba ya shingo ya gitaa, hapo hapo Felder alipoiweka yake. Ilipokaribia solo akaichomoa kwa mkono mmoja, akaitia mfukoni, na hakukosa hata pigo.

Walipopumzika nikamfuata. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Hiyo ya mwisho mmeifunzia wapi?" "Kwenye simu, mzee. Tulikuwa tunairudisha nyuma kidogo kidogo, kila mtu na sikio moja la spika, usiku mpaka majirani wakatugombeza." Nimefurahi sana kusikia hivyo.

Kwenye rekodi ya mwanzo wimbo hauna mwisho, sauti inapungua tu huku magitaa yanaendelea, na kila bendi ya jukwaani lazima ijitafutie pa kutokea. Hawa wametokea pazuri: ngoma haikusimama, besi ikageuza, na magitaa yale yale mawili yakaingia kwenye kibao cha zamani cha Atomic Jazz, bendi ya hapa hapa Tanga. Watu wazima wote waliokuwepo walisimama. Naamini ndiyo sababu wimbo wa Wamarekani umekaa vizuri namna hii kwetu. Mji uliolelewa na Atomic na Jamhuri Jazz umezoea kusikiliza gitaa likiongea na gitaa.

Sasa mengine. Kolekole wa kupaka na wali wa nazi ni shilingi 15,000, nazi haikuchakachuliwa na ukwaju umekolea. Nasifu bila kusita. Ila agiza mapema, maana bendi ikianza jiko linapooza na mimi nilisubiri zaidi ya saa nzima. Mishikaki ni mikavu, iache. Spika ya kulia ya jukwaa inakwaruza kwenye besi, na ukikaa upande ule utadhani mpiga besi ni mbovu, wakati ni mtu hodari. Nilimwambia meneja kwamba ni koni imechanika, kazi ya nusu siku. Aliniitikia vizuri tu, lakini wiki iliyofuata ilikuwa vile vile. Bendi ya namna hii inastahili kusikika sawasawa, na mwenye mgahawa analiweza hilo.

Wanaanza saa tatu usiku. Kaeni kushoto, karibu na gitaa la pili. Hotel California huja baada ya mapumziko ya kwanza, na ukitaka kuwatunza, sanduku liko chini ya tumba. Kutoka Ngamiani chukua bodaboda, ila elewana naye mapema bei ya kurudi, kwa sababu saa sita usiku kule hupati mwingine.