Nyumba nzuri Jambiani, Zanzibar, vitanda vinne, hakuna shuka hata moja

Nianze na mazuri, maana yapo. Nyumba iko hatua chache tu kutoka ufukweni, jiko lina gesi na masufuria ya kutosha watu saba, feni zote zinazunguka, vyandarua havina tundu. Asubuhi maji yakipwa unawaona kina mama wakielekea kwenye mashamba yao ya mwani mpaka wanakuwa vidoti kwa mbali. Vyumba vitatu kwa shilingi 220,000 kwa usiku, mwezi wa Juni, sikuona ghali.

Tulifika magharibi. Tulikuwa tumetoka harusini Mjini, siku tatu mfululizo za kupika na kushangilia, na mama mkwe alichotaka ni kujinyoosha tu. Nikafungua chumba chake. Godoro tupu, nailoni ya dukani bado imelivaa, mito miwili haina hata foronya. Chumba cha pili hivyohivyo. Cha tatu nikajua tumeshaumia.

Kijana msimamizi alikuwa na adabu zake, sina ugomvi naye. "Mama, mashuka yapo, ila ya kukodi. Kitanda kimoja elfu kumi, taulo elfu tano. Tajiri ndo kapanga hivyo." Haya, leta basi. Kumbe hayo "yapo" ni ya vitanda viwili. Mengine yamepelekwa Paje, kwenye nyumba nyingine ya huyo huyo tajiri.

Usiku nikarudi kwenye tangazo, nikidhani labda mimi ndiye niliyesoma vibaya. Picha zilikuwa zilezile zilizonivutia: shuka jeupe limenyooshwa mpaka linang'aa, juu yake taulo mbili zimekunjwa umbo la bata maji wanaobusiana, na maua ya bogenvilia yamemwagwa pembeni. Hakuna palipoandikwa kwamba mashuka ni ya kulipia. Ila kwenye orodha ya vitu vilivyomo, kile kisanduku cha mashuka na taulo hakikutiwa alama. Nani anasoma kisanduku kisichotiwa alama?

Tukagawana. Mashuka ya kukodi yakaenda kwa mama mkwe na kwenye kitanda chetu. Mdogo wangu akalalia dera lake. Kitanda cha wanangu wawili wadogo, futi 5 kwa 6, kikabaki. Mama mkwe akafungua begi lake akatoa doti mbili za kanga alizopewa harusini, mpya kabisa, hazijakatwa. Ukizilaza pamoja kwa urefu zinafunika godoro lote na nyingine inaning'inia. Jina la kanga likaja kukaa pale pa kulalia kichwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Tulicheka sana, nakiri.

Saa tisa usiku mtoto wa miaka mitatu akakojoa. Anayejua kanga mpya anajua kilichofuata. Ile nailoni tulikuwa tumeivua wenyewe kwa sababu ilikuwa inapiga kelele kila mtoto akijigeuza. Asubuhi godoro lilikuwa na ramani nyekundu ukubwa wa sinia, na pembeni yake kimstari cha jina la kanga, kinasomeka vizuri.

Kijana akapiga simu kwa tajiri. Tajiri akataka 150,000. Mume wangu akamuuliza, kwa upole wake ule unaoniudhi mimi lakini unaofanya kazi, kama godoro lilikuwa na shuka la kulikinga. Tukaishia 50,000. Bado naona nilionewa, ila mtoto ni wangu na mkojo ni wake.

Sasa nimtetee kidogo mwenye nyumba, kwa sababu siku ya pili nilikaa na yule kijana uani akanieleza. Mashuka meupe yanawamaliza. Wageni wa kutoka harusini wanalala na hina mbichi na piko (hapo nikaificha mikono yangu). Wazungu wanajipaka mafuta ya kuzuia jua, shuka likifuliwa kwa maji ya kisima linatoka na madoa ya rangi ya kutu. Ukitia Jiki ili litakate ndiyo kwanza doa linakolea. Haya ya mafuta ni kweli: kuna aina ya dawa ndani yake inayoshikana na madini ya chuma yaliyo kwenye maji. Na maji yenyewe yana chumvichumvi. Nilifua nguo za watoto pale, nikamaliza sabuni nusu mche povu halijaonekana. Mdogo wangu, aliyewahi kufanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini, anasema hesabu yao ni seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Vitanda vinne, seti kumi na mbili. Si pesa ndogo.

Nimemwelewa. Lakini tufanye hesabu na upande wangu. Mashuka ya vitanda vinne ni 40,000, taulo za watu saba 35,000, jumla 75,000 kwa siku zote nne, yaani chini ya elfu ishirini kwa usiku. Angeandika nyumba ni 240,000 ningelipa nisiulize. Binamu yangu anayeishi Sweden ananiambia huko kukodi nyumba ya mapumziko na kwenda na mashuka yako ni jambo la kawaida, hata kufagia unafagia mwenyewe kabla ya kuondoka. Sawa, ila wao wanalijua tangu siku ya kulipa, na wengi wanatupia mzigo kwenye buti la gari. Mimi nimetoka Dar na boti, watoto watatu na mabegi ya harusi. Seti nne za mashuka ningezibeba kichwani?

Taulo siwezi kuzigombania sana. Mtu wa pwani hakosi kanga au kikoi, na kwa kutoka baharini vinakauka haraka kuliko taulo. Shuka ni habari nyingine. Usinipigie picha kitanda kilichotandikwa halafu ukanikabidhi godoro.

Nimeipa nyumba nyota tatu. Ingekuwa nne na zaidi. Desemba tulirudi upande huohuo, nyumba nyingine, Bwejuu. Kabla ya kulipa nikatuma swali moja tu: vitanda vina mashuka? Mwenyeji, mama mmoja, akanijibu kwa picha: mashuka ya rangi ya kahawia yamepangwa kabatini, na juu yake rundo la kanga kuukuu. Chini akaandika, "Hizo za juu za kulalia wenye hina, mwanangu. Zishachuja zote."