Nilienda kikao cha bustani mpya: nyota tatu, na soda ilikuwa moto

Mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, mwaka wa kumi na mmoja huu. Kazi yangu imenizoesha kukagua kitu kabla ya kukubali. Wanaonifuata wanajua nimeshaandika kuhusu saluni, kuhusu matatu za Njoro, na kuhusu fundi wa simu aliyenirudishia simu isiyosikika hadi niiweke spika. Leo nahakiki kitu ambacho sijaona mtu akikihakiki: kikao cha wananchi. Nacho ni huduma, na tumekilipia.

Kwanza niseme kwa nini nilienda. Mchana nakula chapati na ndengu kutoka kwa kikebe changu, nimeketi kwenye ukingo wa mtaro nje ya duka la jirani, chini ya mjakaranda. Ukingo huo unatosha watu wanne. Tukiwa watano mmoja anakula amesimama, na mara nyingi ni yule kijana wa bodaboda, maana anasema amekaa tangu asubuhi. Bustani ya Nyayo Gardens ipo, naipenda, na wanangu wamepigwa picha pale tangu wakiwa wa kubebwa. Lakini nina saa moja tu ya chakula na pale ni mbali na duka, na hata nikifika nitakuta benchi zina wenyewe. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mimi cheti sikukiona, ninachokiona ni watu wanaoshuka steji kila asubuhi. Kwa hiyo niliposoma kwenye gazeti la bosi kwamba wananchi wanaitwa kutoa maoni kuhusu bustani mpya ya katikati ya mji na fedha za kuijenga, niliomba ruhusa ya nusu siku. Nilipewa, na nikakatwa.

Tangazo lilisema saa tatu kamili asubuhi. Nilifika saa tatu kasoro dakika kumi, nikawa wa saba. Kikao kilianza saa nne na dakika ishirini, kwa sababu mheshimiwa alikuwa njiani. Sijui ni njia gani hiyo. Ninayetoka Kaptembwa kwa matatu ya kusimama-simama nilikuwa nimeshakaa, na mtu wa gari la serikali bado yuko njiani. Hapo nyota ya kwanza ikaenda.

Viti vilikuwa vile vyeupe vya plastiki. Changu kilikuwa na mguu wenye ufa, nikapachika kimoja juu ya kingine nikaketi kama chifu.

Kisha wakatuletea orodha ya mahudhurio. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Hakuna aliyekuwa ameshasema neno moja kuhusu bustani. Nilimwambia dada aliyeileta, kwa upole, kwamba dukani kwetu hakuna mteja anayesaini karatasi ya dilivari kabla ya kuhesabu mifuko ya simiti. Akacheka. Akasema, "Mama, saini tu, ni ya kuonyesha ulikuja." Nikasaini, lakini pembeni nikaandika saa niliyosaini. Nafanya hivyo kila mahali, na wenzangu wananiona msumbufu.

Karatasi za maelezo zilikuwa kama thelathini, na watu tulikuwa zaidi ya mia. Mimi na mzee mmoja wa kofia ya pama tukagawana moja, yeye akishika juu, mimi chini. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa na jedwali la njia tano za kupata fedha: bajeti ya kaunti yenyewe, mkopo au ruzuku ya wafadhili, kampuni kutoa pesa na kuandikwa jina, kodi ya vibanda vitakavyojengwa ndani, na kiingilio cha langoni. Yule ofisa wa kwanza aliisoma yote kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo wa simu. Alipofika njia ya tatu, mama mmoja wa nyuma akasimama bila kuombwa. "Mwanangu, tunaomba utuletee kwa Kiswahili. Hata Katiba imesema ndiyo lugha ya taifa."

Na hapa nampa mtu sifa. Kijana mmoja wa ofisi, mwembamba, shati limekunjwa mikono, alichukua kipaza sauti na kuanza upya. Alifika mahali penye maneno mawili magumu ya bajeti, matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maendeleo ni kununua sufuria. Ya kawaida ni kununua unga, kila siku." Ukumbi mzima ukaitikia. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Sufuria tunazo, unga ndio hakuna!" Tulicheka hadi mheshimiwa naye akacheka. Kwa maelezo hayo peke yake nyota moja ilirudi.

Nataka nikae hapo kwenye sufuria, kwa sababu ndipo kikao kizima kilipokuwa, ingawa mwenyekiti alitaka tuendelee. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Ni sheria nzuri. Bila hiyo pesa zote zingeishia kwenye mishahara na safari. Lakini haiweki kiwango kama hicho kwa ajili ya kumwagilia maji, kukata nyasi, kubadilisha taa iliyoungua na kumlipa mlinzi wa usiku. Na mimi nauza hivyo vitu. Naujua mwendo wake. Wiki ya uzinduzi mtu ananunua mabomba kwa lori. Miaka miwili baadaye koki moja ya mfereji imevunjika, koki ambayo bei yake haimalizi noti ya elfu, na inakaa imefungwa mfuko wa plastiki mwaka mzima kwa sababu hakuna mahali imeandikwa kwenye bajeti. Katika zile njia tano, nne zilikuwa zinazungumzia kujenga. Ya kutunza ilikuwa moja tu, na ndiyo ile ya langoni.

Wa kwanza kuitetea alikuwa kijana wa kola safi. Alisema Msitu wa Karura kule Nairobi wanalipisha na msitu uko salama, una walinzi, njia zimefagiliwa. Kweli kabisa. Sikuwa na la kupinga hapo. Ila Karura mtu huenda Jumapili na familia, amejipanga. Bustani ya mjini mtu huingia kwa sababu miguu imechoka.

Mama anayeuza njugu karibu na steji ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa mbuga. Akasema: "Hapa tuna mbuga ya kitaifa, uzio wake uko hapo tu. Nimezaliwa Rhonda, nina miaka hamsini na mbili. Watalii wanatoka ng'ambo kuja kuona vifaru na flamingo. Mimi flamingo nimewaona kwenye kalenda." Ukumbi ukanyamaza. Hakuongeza kitu, akaketi, akafungua mkoba akatoa njugu akaanza kuuza hapo hapo. Nilinunua za ishirini. Zilikuwa na chumvi nyingi kidogo.

Mzee wangu wa kofia ya pama akatumia dakika zake mbili zote kwa Uhuru Park, ile bustani ya Nairobi. Mwaka 1989 serikali ilitaka kupandisha jumba la ghorofa 60 pale, na Wangari Maathai akaandika barua na kupiga kelele mpaka wafadhili wakaingiwa na baridi na mradi ukafa. Mzee alikuwa anafanya kazi Nairobi wakati huo. Hoja yake ilikuwa kwamba uwanja ukishakuwa na mtu wa kuuchangia pesa, basi una mtu wa kuudai. Simu ya mtunza saa ikalia kabla hajamaliza, naye akamalizia akiwa amesimama vilevile, bila kipaza sauti, na hakuna aliyethubutu kumkalisha.

Kuhusu ile ya kampuni kuandikwa jina, mimi sina wivu nayo. Mpwa wangu anaishi Chicago, Marekani, na picha zake zote za Julai zinapigwa Millennium Park, bustani iliyo katikati ya mji wao. Ilifunguliwa 2004, miaka minne baada ya milenia ambayo bustani ilichukua jina lake. Ilikadiriwa dola milioni 150, ikaishia karibu milioni 475. Takriban milioni 205 zilitoka kwa matajiri na makampuni, iliyobaki ikabebwa na jiji. Matajiri wakapata majina yao: jukwaa la muziki ni la Pritzker, chemchemi ni ya Crown. Hesabu ilikuwa kwamba gereji ya magari iliyo chini ya bustani ingelipa deni, na haikulipa kama walivyotarajia. Nilipomwambia mpwa wangu tunajadili jambo hilo hilo, aliniuliza kitu kimoja tu: "Shangazi, mtakuwa mnalipa kuingia?" Wao hawalipi. Wenye majina wameandikwa kwenye mawe, na mtu asiye na senti anaketi chini ya jina lao anakula mkate. Mkataba wa namna hiyo naweza kuusaini, mradi nihesabu mifuko kwanza.

Zamu yangu ilifika saa sita na robo. Nilikuwa nimebeba ushahidi. Tangu Januari nimekuwa nikiweka vile vitiketi vya waridi vya choo cha kulipia, shilingi kumi kumi, kwa sababu karatasi yoyote yenye nambari mimi siwezi kuitupa. Vilikuwa 41. Nikavipanga juu ya meza ya mbele kama karata. Nikasema: hizi ni shilingi 410, nimelipa mtu mmoja, chini ya miezi mitatu, kwa sababu ya kukaa mjini tu. Silalamiki, choo ni safi na sabuni ipo. Ninachosema ni kwamba sisi wa ukingo wa mtaro tayari tunalipa. Jengeni choo ndani ya bustani, kiwe cha kulipia, na pesa yake iandikwe kuwa ya maji na koki za bustani hiyo, isiingie kwenye mfuko mmoja na mengine. Mkiongeza kidogo kwenye ada ya maegesho ya barabara zinazoizunguka, wenye magari watakuwa wamechangia kivuli. Lango lisiwepo.

Ofisa wa kwanza akasema, "Tumepokea." Alimwambia hivyo kila mtu, hata yule aliyeuliza choo cha ukumbi kiko wapi.

Basi nikamfuata yule kijana wa sufuria pembeni, nikamuuliza kitu kilichokuwa kinaniwasha. Tuko Machi. Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na humo ndimo kila idara huwekewa kiwango chake. Makadirio yenyewe yanafuata kufikia 30 Aprili. Sasa sisi tunaulizwa chapati iwe na ukubwa gani wakati unga umeshapimwa mwezi uliopita? Alinitazama, akatazama mlango. Akasema, "Mama, ulipaswa kuja Februari." Nikamwambia Februari sikuona tangazo. Akasema lilikuwepo. Huenda. Bosi huwa anafungia misumari kwa magazeti.

Alinishauri jambo la maana, hata hivyo: niandike. Maoni ya mdomo huandikwa na mtu mwingine kwa mstari mmoja, lakini barua inaingia faili ikiwa nzima. Akanipa karatasi na kalamu. Nikaandika hapo hapo, kurasa mbili, nikataja Jedwali la Nne la Katiba linaloziweka bustani za kaunti chini ya kaunti, ili asitokee mtu akaniambia nipeleke Nairobi.

Chakula: soda na mkate wa kipande. Soda ilikuwa moto, ile ya kufunguka na povu. Nauli hatukupewa, na baadhi ya watu walinung'unika sana kuliko walivyozungumzia bustani. Mimi sikutarajia, lakini naelewa. Kuna aliyetoka Lanet na kurudi, na siku ya kibarua imekwenda.

Kwa hiyo nyota tatu. Moja ni ya yule kijana, moja ni ya mama wa njugu ambaye si mfanyakazi wao lakini ndiye aliyefanya kikao kiwe kikao, na ya tatu ni ya sababu kwamba hakuna aliyenyamazishwa, hata mzee. Mkipanga kingine, leteni karatasi za Kiswahili za kutosha, na tubandikieni tangazo kwenye steji, maana ndipo tulipo.

Kabla sijaondoka niliomba barua yangu igongwe muhuri, na nipewe nakala. Dada wa orodha alisema muhuri uko ofisini. Nikamwambia nitangoja. Nilingoja dakika arobaini kwenye viti vyangu viwili, wakikusanya vingine kunizunguka. Ukaja. Aligonga, akaandika tarehe kwa mkono, na mimi pembeni nikaandika saa. Nakala hiyo nimeikunja, iko kwenye pochi, pamoja na tiketi ya arobaini na mbili.