Uzoefu wangu wa iperf3 na fundi asiyeambilika

Sina desturi ya kusifu programu, na hii iperf3, ya kupimia kasi ya mtandao baina ya kompyuta mbili, siisifu kwa uzuri, kwa sababu haina vitufe wala picha, ni maandishi matupu juu ya kioo cheusi. Kinachonifanya niandike ni hasira niliyo nayo juu ya fundi aliyetutandikia waya katika studio yetu ya video za harusi hapa Chake Chake.

Kazi yetu hutulazimu kuhamisha faili kubwa kutoka kompyuta ya kuhifadhia kwenda kompyuta ya kuhariria, zote mbili zikiwa ndani ya chumba kimoja. Fundi alipokwisha kulipwa, video za harusi moja zikawa zinajikokota mpaka adhana mbili zinapita. Nilipomwita alitoa simu yake, akafungua ukurasa wa kupimia kasi ya intaneti, akanionesha mshale ulivyolala, kisha akanambia mbele ya wateja: “Bibie, mtandao wa Pemba ndio huu, na haya mambo ya ufundi tuachie wenyewe.” Intaneti inahusu nini hapa? Faili inayotoka meza hii kwenda meza ile haivuki bahari, wala haifiki hata barazani.

Ndipo nilipoiweka iperf3, programu ya bure inayotunzwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa Marekani. Kompyuta ya kwanza unaiandikia iperf3 -s ikae kusubiri. Ya pili unaiandikia iperf3 -c pamoja na anwani ya mwenzake, nayo humimina data kwa sekunde 10 kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine bila ya kugusa diski, hivyo fundi hapati hata diski ya kuisingizia. Jibu likaja: megabiti 94 kwa sekunde. Nikageuza mwelekeo kwa -R, likawa lile lile. Swichi yetu, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa waya, ni ya gigabiti, maana yake megabiti 1000 kwa sekunde, ambayo ikiwa nzima hutoa 940 hivi. 94 ni dalili ya waya uliojishusha hadi 100. Nikakiinua kichwa cha waya kwenye mwanga, na ndani ya ile plastiki nikaona nyuzi za rangi ya chungwa na za kijani zimefika mwisho, na za buluu na za kahawia zimekatwa zikaachwa nje. Megabiti 100 hutosheka na nyuzi 4, lakini gigabiti huzitaka zote 8, na huyu bwana alilipwa kwa zote.

Hata hivyo nisiipambe programu kupita kiasi, kwani ni kaidi. Ulinzi wa Windows ukiufunga mlango 5201, ambao ndio programu hii inaupitia, itakwambia tu kwamba imeshindwa kuunganisha, ukahangaike mwenyewe; na ukipima kwa UDP, njia ya kutuma data bila ya kusubiri jibu kwamba imefika, bila ya kuitajia kasi, hutuma megabiti 1 tu kwa sekunde, asiyejua akadhani mtandao wake umekufa. Kwa hayo nilikusudia kuipa nyota tatu, lakini kila nikiikumbuka ile “bibie” naongeza moja, na kwa hesabu ya leo zimefika tano.

Kichwa cha waya kimeshabadilishwa na mtu mwengine. Nimempelekea fundi picha za vipimo vyote viwili, 94 na 941, naye amejibu kwa kuniuliza hiyo ni tovuti gani, maana kwenye simu yake haifunguki.